Bayoinfomatiki kwa mwanabiolojia anayeanza: dalili za kukwama, visababishi na tiba

Mwanabiolojia aliyezoea pipeti akiingia bayoinfomatiki, yaani kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta, na kukaa mbele ya terminali (lile dirisha la kuandikia amri) kwa mara ya kwanza, hukwama palepale walipokwama waliomtangulia. Najua kwa sababu nilitoka maabara nikaingia huku bila kusomea kompyuta hata siku moja, na tangu hapo nimekaa na wenzangu wengi, mmoja mmoja, tukikodolea macho skrini moja na maneno yaleyale. Makosa haya hujirudia kiasi cha kuweza kupangwa kama tabibu anavyopanga dalili.

Nimeyapanga kuanzia yanayopiga kelele hadi yanayonyamaza. Ya kelele yatakuudhi na kula mchana wako mzima, lakini hayadanganyi: kompyuta imekataa, na imekwambia imekataa. Yanayonyamaza ndiyo ya kuogopa. Programu inamaliza kazi, jedwali linatoka safi, grafu inapendeza, na jibu ni la uongo. Ukiwa na haraka, ruka sehemu za mwanzo uende huko.

## Kabla ya dalili yoyote

Mambo mawili huokoa muda kuliko programu yoyote utakayosakinisha.

La kwanza ni kusoma ujumbe wa kosa wote. Wengi wakiona maneno yamejaa skrini hufunga dirisha na kuanza upya. Kwenye lugha ya Python, sababu huandikwa mstari wa mwisho kabisa. Kwenye mlolongo wa amri za terminali mambo hugeuka: kosa la kwanza ndilo chanzo, na yaliyo chini yake mara nyingi yamezaliwa nalo.

La pili ni kujaribu kwa sampuli ndogo. Hakuna anayejaza sahani ya PCR yenye visima 96 kwa praima ambazo hajazijaribu. Fanya hivyohivyo hapa. Kata vipande 10,000 vya mwanzo vya DNA vilivyosomwa na mashine, kutoka faili lako la FASTQ ambamo mashine huviandika:

`zcat sampuli_R1.fastq.gz | head -n 40000 > ndogo_R1.fastq`

Ni mistari 40,000 kwa kuwa kila kipande kinachukua mistari minne. Kama una faili la pili la jozi, R2, likate vilevile. Kwenye Mac, andika `gunzip -c` mahali pa `zcat`. Ukikosea, utajua baada ya dakika moja badala ya kuamka kesho na kukuta kazi ya usiku kucha imekufa.

## Terminali inajibu “command not found”

Maana yake kompyuta haiijui programu uliyoita. Kisababishi kikubwa ni mazingira ya conda (kisakinishi kinachozitenga programu katika makundi yanayoitwa mazingira) ambayo hukuyawasha. Jana yalikuwa wazi, leo umefungua dirisha jipya, na dirisha jipya halikumbuki. Andika `conda env list` uone mazingira uliyo nayo, kisha `conda activate` na jina lake.

Kinachofuata ni tahajia. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: programu ya kukagua ubora wa data inaitwa FastQC kwenye maandishi, lakini amri yake ni `fastqc`. Baada ya hapo, uliza kama programu imesakinishwa kweli. Mwisho kabisa, huenda imesakinishwa ila folda yake haimo kwenye PATH, ile orodha ya mahali ambapo kompyuta hutafuta amri. `which samtools`, kwa mfano, itakuonyesha programu ya samtools inapopatikana. Ikikaa kimya, haionekani.

Tiba ya kudumu ni kuupa kila mradi mazingira yake:

`conda create -n rnaseq -c conda-forge -c bioconda fastqc samtools hisat2`

Usirundike kila kitu kwenye mazingira ya msingi yanayoitwa `base`. Miezi michache tu programu zitaanza kugombania matoleo, na kuyasafisha ni kazi kuliko kuyajenga upya.

Simama hapa: kama unatumia seva ya watu wengi na maelekezo uliyoyapata mtandaoni yanakutaka uandike `sudo`, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi, usiendelee. Mwombe msimamizi wa seva. Mara nyingi programu tayari ipo, na `module avail` itakuonyesha.

## “No such file or directory”, na faili unaliona kwa macho yako

Umesimama folda nyingine. Hiki ndicho kisababishi karibu kila mara, kwa hiyo anza na `pwd` kujua ulipo na `ls -lh` kujua kilichopo. Kisha jizoeze kubonyeza kitufe cha Tab: andika herufi mbili tatu za jina la faili, bonyeza Tab, terminali imalizie yenyewe. Isipomalizia, njia uliyoandika haipo au kuna majina mawili yanayoanza sawa. Tab ni kifaa cha uchunguzi, na wanaojifunza hawaelezwi hivyo mapema inavyostahili.

Angalia pia majina yenye nafasi. `data za mwisho.fastq` kwa terminali ni maneno matatu. Tumia kistari cha chini. Na Windows ina tabia ya kuficha viambishi vya majina, hivyo faili unaloliona kama `sampuli.csv` huenda kwa kweli ni `sampuli.csv.txt`.

Kuna namna moja ngumu kidogo. Skripti, yaani faili la amri, ipo, jina sahihi, lakini ukiiendesha unaambiwa `bad interpreter` ikifuatwa na `^M`. Hapo skripti iliandikwa kwenye Windows, ambako kila mstari humalizika kwa alama mbili zisizoonekana badala ya moja. Andika `file skripti.sh`, ikitaja CRLF, umempata mwizi. `dos2unix skripti.sh` inamaliza kazi. Hili likiwa kwenye jedwali la sampuli badala ya skripti, halitoi kosa la wazi: jina la mwisho la kila mstari linabeba alama iliyofichika, na programu inasema sampuli haipo.

Usiandike amri kwenye Word pia. Hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na terminali haizijui za kupinda.

## Faili lilikuwa na data, sasa lina baiti sifuri

Hili lilinipata mimi. Nilikuwa na faili la mifuatano ya protini, nataka kuhesabu imo mingapi. Kwenye FASTA, muundo wa faili hilo, kila mfuatano huanza na alama `>`, basi nikaita grep, amri ya kutafuta na kuhesabu maneno ndani ya faili:

`grep -c > protini.fasta`

Terminali ikanijibu jinsi ya kutumia grep. Nikadhani nimekosea kidogo tu. Nilipofungua faili halikuwa na herufi hata moja. Kwa terminali, `>` isiyo ndani ya alama za nukuu ni agizo la kumimina matokeo kwenye faili, na kabla ya kumimina hulifuta kwanza lililomo. Wiki nzima ya kuchagua protini zile moja moja ilipotea kabla grep haijaanza kazi. Amri sahihi ni hii:

`grep -c ">" protini.fasta`

Hakuna amri ya kurudisha nyuma. Kinga ni kuziweka data ghafi kwenye folda yake na kuzinyima ruhusa ya kuandikwa, kwa `chmod a-w *.fastq.gz`. Hapo ukijaribu kumimina juu yake utakataliwa. Elewa mpaka wa kinga hiyo: `rm` bado inaweza kufuta faili, itakuuliza kwanza, lakini `rm -f` haiulizi. Kwa hiyo nakala ya pili, kwenye diski nyingine, ni lazima. Na uogope nafasi moja iliyopotea njia: `rm *.sam` hufuta faili za SAM (zinazoeleza kila kipande kimepata mahali gani kwenye jenomu), ila `rm * .sam` hufuta kila faili kwenye folda.

Simama hapa: ukifuta data ghafi kwenye seva ya taasisi, usiandike kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Mpigie msimamizi saa hiyohiyo. Seva nyingi hutunza nakala za siku zilizopita, lakini hazitunzwi milele.

## Kazi inakufa katikati: “Killed”, au kompyuta inaganda

RAM, kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, imeisha. Mfumo umeiua programu ili kompyuta isizame. Kwenye seva utaona namba 137. Angalia kwa `free -h` ukiwa Linux.

Swali la kwanza: programu uliyochagua inahitaji kiasi gani? STAR ikipangia vipande, yaani kukitafutia kila kimoja mahali pake, kwenye jenomu ya binadamu, yenye takriban besi bilioni 3.1, inataka RAM ya karibu GB 30. Kompyuta ya mkononi yenye GB 8 haitaiweza hata ukiisubiri wiki. HISAT2 hufanya kazi hiyohiyo kwa chini ya GB 10, na Salmon haipangi kwenye jenomu nzima kabisa. Kubadili programu si kushindwa.

Swali la pili: umeomba kiasi gani mwenyewe bila kujua? Kwenye `samtools sort`, `-m` ni kiasi cha RAM kwa kila uzi wa kazi, na `-@` ni idadi ya nyuzi hizo. Ukiandika `-@ 8 -m 4G` umeomba takriban GB 32, si 4.

Ujumbe ukiwa `No space left on device`, ni diski na si RAM. `df -h` inaonyesha iliyojaa, `du -sh *` inaonyesha mlaji. Mara nyingi ni faili za SAM, ambazo ni maandishi matupu, zigeuze BAM, muundo wake uliobanwa.

Simama hapa: kwenye seva ya pamoja, ile kompyuta unayoingilia mwanzo ni sebule ya wote. Kazi nzito huwekwa kwenye foleni, kwa kawaida kupitia Slurm, programu ya kusimamia foleni, na amri ya `sbatch`. Ukiwa hujui, uliza kabla ya kuendesha chochote cha zaidi ya dakika chache, maana ukiigandisha umewagandishia wote.

## Faili la FASTQ “limeishia njiani”, au hesabu ya vipande hailingani

Anza na upakuaji. Intaneti hukatika, faili hubaki nusu, na jina linabaki lilelile zima. `gzip -t faili.fastq.gz` hukagua kama limekamilika. Ikikaa kimya, faili ni zima. Kama waliokutumia walitoa faili la md5, lenye alama ya kulitambulisha kila faili, `md5sum -c` itathibitisha kila baiti.

Pili, pengine faili mbili za jozi zilisafishwa kila moja peke yake. Kipande kikitupwa kwenye R1 na mwenzake akabaki R2, jozi zote zinazofuata zinasogea, na kila kipande kinaolewa na mgeni. Rudia usafi kwa programu inayopokea zote mbili kwa pamoja, kama fastp au Cutadapt.

Tatu, pengine faili ni zima na wewe umehesabu vibaya. Tazama kipande kimoja kwa karibu:

```
@kipande1
GATTACAGGC
+
@IIIIIII##
```

Mstari wa pili ni besi, wa nne ni ubora wa kila besi. `I` ni 40, yaani nafasi ya kosa 1 kwa 10,000. `#` ni 2, besi ambayo mashine yenyewe haiiamini. Sasa ona mstari wa nne umeanza na nini: `@`, ambayo ni alama halali ya ubora, 31. Ndiyo maana kuhesabu kwa `grep -c "^@"` hutoa idadi iliyozidi. Hesabu mistari yote, gawanya kwa nne.

## FastQC imejaa nyekundu

Pumua kwanza. Taa za FastQC zimepimwa kwa jenomu nzima iliyosomwa ovyo ovyo pande zote, na data yako huenda si hiyo. Ukiwa na RNA, mistari ya A, C, G na T kuyumba kwenye besi kumi hivi za mwanzo ni kawaida: inatokana na praima za nasibu zilizotumika kutengeneza cDNA, na huna haja ya kuzikata. Nakala zinazojirudia nazo ni kawaida kwenye RNA, kwa sababu jeni zinazofanya kazi sana hutoa nakala nyingi kweli.

Yanayostahili kukutia wasiwasi ni mawili: ubora unaoporomoka mapema, na adapta (vipande vya DNA vilivyounganishwa wakati wa kuandaa sampuli) zinazopanda kuelekea mwisho wa kipande. Adapta zikatwe. Ubora ukiporomoka kwenye sampuli zote za mashine moja siku moja, hilo si la kurekebisha kwa programu. Wasiliana na waliosoma sampuli ukiwa na ripoti mkononi.

## Vipande vichache tu vinapata mahali kwenye jenomu

Kwanza hakikisha jenomu ni ya kiumbe chako na aina yako. Halafu adapta ambazo hazikukatwa. Halafu uchafuzi: bakteria kwenye seli zinazokuzwa maabara, au RNA ya ribosomu ambayo hatua ya kuiondoa haikufaulu maabara.

Kipimo kinachonifurahisha kuliko vyote hapa ni cha kizamani. Chukua vipande kumi vilivyokosa mahali, vibandike kwenye BLAST, kitafutio cha mifuatano inayofanana, kwenye tovuti ya NCBI, usome majina ya viumbe. Dakika tano. Kama kumi vyote ni bakteria wa Mycoplasma, umepata jibu ambalo hakuna kigezo cha programu kingekupa, na tiba yake iko kwenye inkubeta, haiko kwenye kibodi.

## Kazi imeisha bila kosa, lakini hesabu za jeni zote ni sifuri

Hapa ndipo kelele inapoanza kupungua. Programu ya kuhesabu vipande kwa kila jeni imemaliza, jedwali lipo, jeni zimeorodheshwa, na kila safu imejaa 0.

Kisababishi cha kwanza ni majina ya kromosomu. Kati ya hifadhidata mbili za jenomu, UCSC huandika `chr1`, Ensembl huandika `1`. Ukipangia vipande kwenye jenomu ya mmoja na ukatumia faili la maelezo ya jeni (GTF au GFF) la mwingine, programu isiyojua kuoanisha majina hayo inatafuta `1` ndani ya orodha ya `chr1` na haioni kitu. Huenda isipige kelele, kwa sababu kwake hilo si kosa. Ni jeni zisizo na vipande. Kagua pande zote mbili:

`samtools view -H sampuli.bam | grep "^@SQ" | head -n 3`

`grep -v "^#" jeni.gtf | cut -f1 | sort | uniq -c`

Pakua jenomu na maelezo yake kutoka chanzo kimoja, siku moja, na uandike toleo kwenye daftari lako kama unavyoandika namba ya bechi ya vimeng'enya.

Kisababishi cha pili ni mwelekeo wa uzi, yaani kipande kimetoka uzi upi wa DNA. Maktaba nyingi za RNA (sampuli zilizoandaliwa kusomwa) hutunza mwelekeo, na featureCounts, mojawapo ya programu za kuhesabu, ina `-s` yenye 0 (bila mwelekeo), 1 (uleule) au 2 (wa kinyume). Ukichagua 1 mahali pa 2, hesabu hazitakuwa sifuri kabisa, zitakuwa ndogo mno, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu unaweza kuzikubali. Usikisie. Endesha zote tatu kwenye sampuli moja, linganisha. Kama 1 na 2 zinakaribiana na 0 ni karibu jumla yao, maktaba haina mwelekeo. Kama mojawapo imebeba karibu kila kitu, ndiyo yako.

Kisababishi cha tatu ni faili la GFF lisilo na `gene_id`. Hilo programu huliLalamikia yenyewe, sitalitumilia nafasi.

## Hakuna kosa lolote, na jibu ni la uongo

Soma sehemu hii mara mbili. Kila kitu hapa chini kimewahi kupita mbele ya watu makini bila kuonekana.

Excel imebadili majina ya jeni. Fungua jedwali lenye jeni SEPT2 au MARCH1 na Excel itaziona ni tarehe. Ukihifadhi, jina la asili limekwenda na halirudi. Tatizo liliripotiwa mwaka 2004. Uchunguzi wa 2016 ulikuta kwamba takriban makala moja kati ya tano zenye orodha za jeni za Excel, kwenye majarida makubwa ya jenomu, zilikuwa na kosa hilo. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilizibadilisha jeni zenyewe: sasa ni SEPTIN2 na MARCHF1. Data za zamani bado zina majina ya zamani. Kagua safu ya jeni kama kuna kitu kama `2-Sep`. Na uiache Excel iwe ya kutazamia nakala tu, usiihifadhie faili la kazi.

Matoleo ya jenomu yamechanganyika. GRCh37, inayoitwa pia hg19, ni ya 2009. GRCh38, au hg38, ni ya Desemba 2013. Jeni TP53 iko karibu na nafasi ya milioni 7.57 ya kromosomu 17 kwenye ya kwanza, na karibu na milioni 7.67 kwenye ya pili. Ukitumia nafasi za moja ndani ya nyingine, unasoma jirani na kumwita TP53. Njia ya haraka ya kujua BAM yako ni ya toleo gani ni urefu wa kromosomu 1 kwenye kichwa cha faili: 249,250,621 ni hg19, na 248,956,422 ni hg38. Namba hizo mbili nimezibandika ukutani.

Besi moja imepotea. Faili za nafasi kwenye jenomu hazihesabu kwa namna moja: muundo wa BED huanza kuhesabu na sifuri. GFF na VCF huanza na moja. Ukihamisha nafasi kwa mkono kutoka GFF kwenda BED bila kupunguza moja mwanzoni, unakata besi ya kwanza. Hapa biolojia inakuokoa: toa mifuatano ya sehemu zinazoandika protini (CDS) za jeni kadhaa zenye uzi chanya, tazama zinavyoanza. Zikianza na TG pale ulipotarajia ATG, umeshajua.

Ishara imegeuka. R, lugha ya takwimu, hupanga makundi kwa alfabeti na kulifanya la kwanza kuwa msingi wa kulinganishia. Ukiyaita makundi yako `KO` (waliozimwa jeni) na `WT` (wa kawaida), K iko mbele ya W, kwa hiyo panya aliyezimwa jeni anakuwa msingi na panya wa kawaida anakuwa ndiye “aliyebadilika”. Kila jeni iliyopanda itasomeka imeshuka. DESeq2, pakiti ya R inayotafuta jeni zinazotofautiana kati ya makundi, haitakuonya, kwa sababu hakuna kosa la hesabu. Weka msingi mwenyewe kabla ya kuendesha:

`dds$kundi <- relevel(dds$kundi, ref = "WT")`

Kisha tafuta jeni uliyoizima ndani ya matokeo. Inatarajiwa ishuke. Ikiwa imepanda sana, ishara imegeuka au sampuli zimebadilishana.

Sampuli zimebadilishana. DESeq2 hutazama mpangilio wa safu za hesabu na mpangilio wa mistari ya jedwali la sampuli. Visipofuatana, unaweza kulinganisha wagonjwa na wazima waliochanganywa. `all(colnames(hesabu) == rownames(sampuli))` lazima ijibu TRUE. Kwa sampuli za binadamu kuna kipimo kizuri zaidi: jeni XIST hufanya kazi kwa wanawake, na DDX3Y ya kromosomu Y kwa wanaume. Sampuli iliyoandikwa ya mwanamke ikiwa na DDX3Y nyingi na haina XIST, kuna mirija iliyobadilishana majina mahali fulani kabla data haijakufikia.

Kwa kila uchambuzi, kabla ya kutazama jeni mpya hata moja, taja jeni tatu ambazo jibu lake unalijua kutokana na maabara. Hizo ndizo kontroli zako. Zikikataa, usiendelee mbele.

## DESeq2 inakataa, au hakuna jeni hata moja inayotofautiana

Ikilalamikia namba zisizo kamili, umeipa TPM au FPKM, ambazo ni hesabu zilizokwisha kusawazishwa. Inataka hesabu ghafi. Kama R inasema pakiti haipo, pakiti za Bioconductor (hazina ya pakiti za R za biolojia) husakinishwa kwa `BiocManager::install("DESeq2")`. Thamani za NA kwenye `padj`, safu ya thamani za p zilizorekebishwa, si hitilafu. Kwa kawaida ni jeni zenye hesabu ndogo mno zilizochujwa, au zenye sampuli moja iliyotoka nje kabisa ya wenzake.

Ikisema modeli si “full rank”, nenda polepole. Huenda sampuli zote za matibabu zilisomwa Jumatatu na zote za kontroli Alhamisi. Hapo tofauti ya dawa na tofauti ya siku ni kitu kimoja, na hakuna amri inayoweza kuzitenganisha.

Simama hapa: mwone mtakwimu. Vilevile ukiwa na marudio ya kibiolojia chini ya matatu kwa kila kundi, au ukijikuta unabadili vigezo hadi jeni unayoipenda itokee. Bora zaidi, mwone kabla ya kukusanya sampuli, wakati mpangilio bado unaweza kubadilishwa kwa penseli.

## Umemaliza kozi tatu, lakini ukikaa peke yako huandiki mstari

Hii nayo ni dalili, na ina visababishi vyake.

Cha kwanza ni kunakili. Kozi hukupa data iliyosafishwa na amri zinazofanya kazi. Unabandika, linatoka, unahisi umejifunza. Funga ukurasa na uandike amri zilezile kwa kukumbuka, ukikosea usome kosa. Inachosha, na ndiyo inayoingia mkononi.

Cha pili ni kukosa swali. Chagua makala unayoijua vizuri kuhusu kiumbe chako, ambayo data zake ziko wazi kwenye hifadhidata ya NCBI au ENA, ukairudie picha moja tu. Unajua jibu linavyopaswa kuonekana, na hilo ndilo linalokufunza kutambua uongo. Mwanabiolojia ana faida hapa ambayo mwanakompyuta hana.

Cha tatu ni kurukaruka kati ya lugha. Ukishughulika zaidi na takwimu na RNA, anza na R. Ukishughulika zaidi na kuchakata faili na mifuatano, anza na Python, na mafumbo ya tovuti ya Rosalind yatakupa mazoezi ya hatua kwa hatua. Amri za msingi za terminali ni za lazima kwa wote. Kama bado terminali inakutisha, tovuti ya Galaxy itakuwezesha kuendesha programu hizihizi kwa kubofya huku ukijifunza mantiki yake. Hakuna aibu kuanzia hapo.

## Ukifika pa kuita mtu

Zaidi ya pale nilipoandika simama, kuna mahali pengine pawili. Data za wagonjwa: usizipakie kwenye seva ya umma wala kuzituma kwa rafiki akusaidie, hata ukifuta majina, kwa sababu jenomu yenyewe inamtambulisha mwenyewe. Zungumza na kamati ya maadili na wanaosimamia data kwanza. Na matokeo yatakayotumika kuamua tiba ya mtu hayatoki kwenye kompyuta ya anayejifunza, hata yakionekana sahihi. Hayo ni ya maabara iliyoidhinishwa.

Kwa mengine yote, ukikaa siku nzima kwenye kosa moja, omba msaada. Usiandike “haifanyi kazi”. Tuma amri nzima uliyoandika, ujumbe wote wa kosa ukiwa maandishi na si picha, toleo la programu (`samtools --version`), mfumo wa kompyuta yako, mistari kumi ya faili inayoleta shida, na ulichotarajia kukiona. Mara nyingi nikimwomba mtu aniandalie hivyo, hujiona kosa lake akiwa kwenye mstari wa tatu, na ujumbe hautumwi kabisa.